Mikusanyo ya makumbusho katika kompyuta: namna taarifa zinavyotunzwa, zinavyohamishwa na zinavyopotea

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 1985 mtaalamu wa anthropolojia kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda katika pwani ya Kenya akiwa amesimama mbele ya vigango viwili. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa na kusimikwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Hakiuzwi wala hakihamishwi; huachwa kioze mahali kiliposimikwa. Muda mfupi baada ya picha ile kupigwa, vigango vyote viwili viliibwa. Mwaka 1999, akiwa katika mkutano wa wataalamu wa masuala ya Afrika huko Marekani, Udvardy aliona katika slaidi kigango alichokifahamu. Kilikuwa katika mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote vilirejeshwa, na mwaka 2007 vikakabidhiwa kwa familia.

Vigango hivyo vilirudi kwa sababu ya taarifa chache: picha moja, jina la mahali, jina la mwenye nguzo na mwaka. Upande wa pili kulikuwa na makumbusho mawili yenye rekodi zinazoonesha kwamba kitu fulani kimo mikononi mwao. Taarifa za pande mbili zilipokutana, hoja ya umiliki ikawa na ushahidi. Hata hivyo, zilikutana kwa bahati, kwa kuwa mtu mmoja alikuwa ameketi katika ukumbi mmoja kwa wakati unaofaa. Makala haya yanaeleza zana za kompyuta zinazowezesha taarifa za namna hiyo kukutana pasipo kungoja bahati, pamoja na udhaifu wake ambao mwananchi anayegharamia makumbusho kwa kodi yake anastahili kuufahamu.

Mgeni anayetembelea makumbusho huona sehemu ndogo tu ya kile kinachotunzwa. Sehemu kubwa zaidi imo ghalani, kwenye rafu na makasha, na haionekani isipokuwa kupitia maandishi yanayoieleza. Ngoma ya ngadji ya Wapokomo wa bonde la Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa Uingereza mwaka 1902, imekaa kwa miongo mingi katika ghala la British Museum. Kwa mkazi wa Tana asiye na nauli ya kwenda London, njia ya kwanza ya kuifikia ngoma hiyo ni rekodi yake.

Utaratibu wa usajili ni mkongwe kuliko kompyuta. Kitu kinapopokelewa hupewa namba ya usajili. Namba hiyo huandikwa juu yake kwa wino, au kwenye kibandiko kilichofungwa kwa uzi, kisha huingizwa katika daftari pamoja na jina la kitu, mahali kilikotoka, aliyekileta na tarehe ya kupokelewa. Kitu kikitenganishwa na namba yake hubaki kuwa mbao, mfupa au shanga tu. Tuchukue mfano wa mifupa ya dinosaria iliyochimbuliwa na Wajerumani katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ambayo sasa imo katika Museum für Naturkunde jijini Berlin. Mifupa iliyo kiini cha kiunzi kikubwa cha Giraffatitan, chenye kimo cha zaidi ya meta 13, ilipewa alama ya S II. Herufi S ni jina la shimo la uchimbaji. Baadaye, mfumo mpya wa namba ulipoanzishwa, mifupa hiyo ikapewa namba MB.R.2181. Mtafiti anayesoma vitabu vya zamani atakutana na S II, na anayefungua orodha ya leo atakutana na MB.R.2181. Rekodi itakayohifadhi namba mpya pekee itakuwa imemfungia njia ya kurudi hadi kwenye shimo lenyewe kule Lindi.

Ili maelezo yasitegemee hiari ya mwandishi wa kila daftari, mwaka 1997 ulitangazwa mwongozo wa kimataifa uitwao Object ID, ambao leo unasimamiwa na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM. Mwongozo huo unauliza mambo tisa: aina ya kitu, malighafi na ufundi uliotumika, vipimo, maandishi au alama zilizomo, sifa za pekee, jina la kitu, kinachooneshwa juu yake, wakati kilipotengenezwa, na mtengenezaji. Juu ya hayo huongezwa picha na maelezo mafupi. Kati ya yote hayo, sifa za pekee ndizo hupuuzwa zaidi, na ndizo zenye thamani kubwa pindi kitu kinapoibwa. Vinyago vya Kimakonde vya mpingo vyenye kimo cha sentimeta 40 ni vingi mno duniani. Kinyago chenye ufa mwembamba kuanzia sikio la kushoto hadi begani ni kimoja.

Matukio mawili ya miaka ya karibuni yameonesha gharama ya kuchelewesha kazi hii. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil jijini Rio de Janeiro, taasisi iliyokuwa imetimiza miaka 200 na kuhifadhi vitu takribani milioni 20. Baada ya moto, wanafunzi wa fani ya makumbusho jijini humo waliwaomba watu popote walipo wawatumie picha walizowahi kupiga wakiwa ndani ya jengo hilo. Kumbukumbu ya taifa ikawa inatafutwa katika simu za watalii. Kisha, mwezi Agosti 2023, British Museum ilitangaza kwamba vitu takribani 2,000 vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa, na ilibainika kwamba vingi vilikuwa vito na vidani vidogo ambavyo havikuwa vimesajiliwa kikamilifu. Miezi miwili baadaye makumbusho hayo yalitangaza mpango wa miaka mitano wa kukamilisha mkusanyo wake katika mfumo wa kidijitali, kazi inayohusu rekodi milioni 2.4 za kupandishwa au kuboreshwa. Mwizi wa kitu kisicho na rekodi hahitaji hata kukificha, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba kimeondoka.

Programu za kutunza mikusanyo zilianzishwa kuchukua nafasi ya daftari na kadi. Tofauti yake na jedwali la kawaida la kompyuta ni kwamba hutambua uhusiano. Katika jedwali, kila kitu kina safu yake moja na mambo yake yote husongamana humo. Katika programu ya makumbusho, kinyago kina rekodi yake, mchongaji ana rekodi yake, kijiji kina yake, aliyekitoa ana yake, na kila picha, kila ukarabati na kila safari ya kuazimwa vina rekodi zake, programu huziunganisha. Jina la mchongaji likisahihishwa mara moja, husahihika katika vinyago vyake vyote 30. Kitu kikihamishwa kutoka rafu moja kwenda nyingine, tarehe na jina la aliyekihamisha hubaki, nao wakaguzi huweza kufuatilia mwendo wake hatua kwa hatua.

Zipo programu za kibiashara zinazokodishwa kwa leseni ya kila mwaka, na zipo programu huria ambazo taasisi yoyote inaweza kuzipakua, kuzitumia na kuzirekebisha bila kulipia leseni. Miongoni mwa zile huria ni CollectiveAccess, yenye sehemu mbili: moja ya ndani kwa ajili ya wahifadhi na nyingine ya nje kwa ajili ya umma. CollectionSpace hufanya kazi ya aina hiyo hiyo. Specify, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Kansas, imelenga mikusanyo ya viumbe: mimea iliyokaushwa, wadudu, ndege, samaki. Kuwa huria hakumaanishi kutokuwa na gharama. Seva inahitaji umeme na mtaalamu wa TEHAMA, nakala rudufu zinahitaji mahali pa kukaa, na watumishi wanahitaji mafunzo. Fedha ambayo ingelipia leseni hulipia watu, na kwa maoni ya mwandishi huyu hiyo ni biashara nzuri zaidi kwa taasisi ya umma, mradi watu hao waajiriwe kweli.

Taasisi nyingi ndogo, hata hivyo, huanza na jedwali la Excel, na hakuna aibu katika hilo. Jedwali lililojazwa kwa uangalifu ni bora kuliko mfumo wa gharama ulioachwa mtupu. Hatari yake ni kwamba programu za majedwali hupenda kusaidia pasipo kuombwa. Namba ya usajili 0045 hugeuzwa kuwa 45. Namba 3-12 hugeuzwa kuwa tarehe, iwe tarehe 3 Desemba au tarehe 12 Machi kutegemea mpangilio wa kompyuta husika. Namba 1962.10 hupoteza sifuri ya mwisho na kuwa 1962.1, ambayo huenda ikawa namba ya kitu kingine kabisa. Tatizo hili si la makumbusho peke yake: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya, na baadhi ya jeni zikabadilishwa majina kwa sababu majedwali yalikuwa yakiyasoma kama tarehe. Wanasayansi waliona ni rahisi zaidi kubadili majina ya jeni kuliko kuibadili tabia ya programu. Makumbusho hayawezi kubadili namba zilizokwisha kuandikwa kwa wino juu ya mifupa. Yanachoweza ni kuiamuru safu ya namba za usajili isomwe kama maandishi tangu siku ya kwanza.

Hapa ndipo suala la kuhamisha taarifa linapoingia. Kuhamisha ni kuzitoa taarifa kutoka ndani ya programu na kuziweka katika faili ambalo programu nyingine, au mtu asiye na programu hiyo kabisa, anaweza kulisoma. Jambo hili huonekana dogo wakati mfumo unanunuliwa, na huwa kubwa siku kampuni iliyouuza inapofungwa, leseni inapokwisha, au kompyuta inapozeeka kiasi cha kutokubali kuendesha programu mpya. Makumbusho hudumu kwa karne. Programu hudumu kwa miaka michache. Kwa hiyo swali la lini taarifa zitahamishwa lina jibu moja tu, nalo ni kwamba zitahamishwa, na tena si mara moja.

Ugumu upo katika ule ule uhusiano uliofanya programu iwe na manufaa. Faili linalotumika zaidi kwa uhamishaji ni CSV, yaani maandishi matupu ambamo kila safu ni mstari na mkato hutenganisha sehemu moja na nyingine. Linasomeka popote na litasomeka miaka 50 ijayo. Lakini ni bapa. Kinyago chenye wachongaji wawili, picha tatu na historia ya kuazimwa mara nne hakienei katika mstari mmoja. Programu itachagua mojawapo ya njia mbili: kuwabana wote katika sehemu moja, au kurudia mstari wa kinyago mara kadhaa, na hapo mtu asiyejua atahesabu vinyago vitatu mahali penye kimoja. Zipo programu ambazo hutoa picha ya kwanza tu na kuziacha nyingine bila kutoa onyo lolote. Faili hufunguka vizuri, mistari imekamilika, kila mtu anaridhika, na miaka inapita kabla ya mtu kugundua kwamba historia ya ukarabati haikuwahi kutoka.

Kisha kuna mkato wenyewe. Mhifadhi akiandika katika sehemu ya malighafi maneno "mbao, chuma, shanga" na faili likatolewa pasipo kuzingirwa alama za nukuu, maneno hayo matatu husambaa katika safu tatu na kila kilichofuata husogea kulia. Vipimo hujikuta mahali pa tarehe. Rekodi zilizotoka Ujerumani huongeza shida nyingine, kwa kuwa Wajerumani huandika sentimeta 12 na nusu kwa mkato, si kwa nukta. Lugha yetu nayo ina mtego wake. Alama ya ritifaa katika ng' ina maumbo mawili katika kompyuta, moja lililonyooka na moja lililopinda, na kwa mashine hayo ni maandishi mawili tofauti. Anayetafuta "ng'ombe" kwa umbo moja hatapata fimbo, kibuyu au kengele ya ng'ombe iliyosajiliwa kwa umbo la pili. Ni kosa lisiloonekana kwa macho, na dawa yake ni kuchagua umbo moja na kulisimamia katika mfumo mzima, pamoja na kuhifadhi mafaili yote kwa utaratibu wa UTF-8, ambao hubeba maandishi ya lugha zote bila kuyaharibu.

Kwa taarifa zenye tabaka nyingi kuna mafaili ya XML na JSON, ambayo huweza kubeba kitu ndani ya kitu. Hata hayo hayatoshi bila makubaliano kuhusu majina ya sehemu. Makumbusho moja huita "mahali", jingine "asili", la tatu "eneo la mkusanyo", na kila moja lina maana yake: huenda ni mahali kilipotengenezwa, huenda ni mahali kilipotumika, huenda ni bandari kilipopakiwa. Viwango vya kimataifa vilitungwa ili kuondoa mkanganyiko huo. Dublin Core, iliyoanzia katika mkutano wa mwaka 1995, ina sehemu 15 tu na hutosha kwa utambulisho wa juu juu. LIDO ni kiwango cha XML kilichotungwa mahususi kwa ajili ya makumbusho kutoa taarifa zao kwa wengine, nacho hutenganisha matukio: kutengenezwa ni tukio, kutumika ni tukio, kuchukuliwa ni tukio, na kila tukio lina mahali pake, tarehe yake na wahusika wake. Kwa vitu vilivyoondoka Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, utengano huo una uzito wa kisheria. Rekodi inayosema "Mahenge, 1905" haijasema kitu. Rekodi inayosema kitu kilitengenezwa wapi na kikachukuliwa wapi, na nani, mwaka gani, imesema mengi.

Katika mikusanyo ya viumbe kazi hii imesonga mbele zaidi. Kiwango cha Darwin Core kimekubalika duniani kote, na mtandao wa kimataifa wa taarifa za bioanuwai, GBIF, umekusanya mabilioni ya rekodi kutoka nchi nyingi. GBIF hutoa bure programu iitwayo IPT, ambamo msimamizi wa mkusanyo huoanisha safu za jedwali lake na majina ya Darwin Core, kisha programu hufunga kifurushi chenye data pamoja na faili linaloeleza kila safu ina maana gani. Nchini Tanzania uratibu wa kazi hiyo hufanywa kupitia TanBIF, chini ya Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Mkusanyo wa utamaduni haujapata umoja wa namna hiyo, pengine kwa sababu kipepeo ana jina moja la kisayansi huku ngoma ikiwa na majina mengi kama yalivyo makabila yanayoipiga.

Jaribio kubwa zaidi la ukanda wetu katika eneo hilo limefanyika Kenya. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kushirikiana na Goethe-Institut, makumbusho ya Cologne na Frankfurt nchini Ujerumani, na vikundi vya wasanii wa Nairobi na Ulaya, yaliendesha mradi wa orodha za kimataifa wenye lengo la kujua ni vitu gani vya Kenya vimo katika makumbusho ya nje. Waliziandikia taasisi za Ulaya na Marekani kuomba orodha zao, wakaziunganisha katika kanzidata moja. Zaidi ya vitu 32,000 vilivyomo katika taasisi 30 viliorodheshwa, na mwaka 2021 matokeo yalioneshwa kwa umma jijini Nairobi, kisha Cologne na Frankfurt. Mradi huo haukurudisha kitu hata kimoja kwa nguvu yake wenyewe. Ulichofanya ni kuliwezesha taifa kuingia katika mazungumzo likiwa na orodha mkononi, jambo ambalo halikuwahi kuwapo.

Kuunganisha orodha 30 ni kazi ya mikono kuliko watu wanavyodhani. Majina ya mahali yaliandikwa na maofisa na wafanyabiashara waliosikia kwa masikio yao na kuandika kwa tahajia zao. Katika rekodi za Kijerumani Kilimanjaro huwa Kilimandscharo na Wachaga huwa Dschagga; Dar es Salaam huandikwa kwa neno moja. Programu huria ya OpenRefine husaidia sana hapa. Hukusanya maandishi yanayofanana kwa umbo au kwa sauti, huyaweka pamoja na kumuuliza mtumiaji kama ni kitu kimoja. Uamuzi hubaki kwa binadamu, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu mashine haijui kwamba vijiji viwili vyenye jina moja vipo katika wilaya mbili tofauti. Sharti moja halina mjadala: tahajia ya awali isifutwe. Huwekwa katika safu yake, na jina sahihi katika safu nyingine, kwa kuwa anayefuatilia barua za mwaka 1900 atahitaji kile kile kilichoandikwa wakati huo.

Majina ya vitu ni mtihani mkubwa zaidi. Neno moja la Kijerumani la ngoma, Trommel, linaweza kufunika msondo, chapuo, kumbwaya na vumi kwa pamoja. Mtu aliyekulia pwani hawezi kuchanganya msondo na chapuo, lakini rekodi imevichanganya kwa zaidi ya miaka 100, na orodha ikitolewa jinsi ilivyo huusafirisha ujinga huo hadi kwetu. Hapa ndipo wazee, walimu wa sanaa na wapiga ngoma wenyewe wanapokuwa wataalamu ambao hakuna programu inayoweza kuwabadili. Mfumo mzuri huwa na nafasi ya jina la kienyeji, lugha ya jina hilo na jina la aliyelithibitisha.

Si kila kinachoweza kutoka kinapaswa kutoka. Mahali halisi pa makaburi, mapango ya matambiko na maeneo ya visukuku ambayo bado hayajachimbwa, yakitangazwa kwa vipimo kamili vya ramani, huwa mwongozo kwa wezi. Historia ya vigango inatosha kuwa onyo. GBIF hushauri kwamba mahali walipo viumbe walio hatarini patolewe kwa ujumla, si kwa nukta kamili, na kanuni hiyo inafaa kwa malikale. Majina na anwani za watu waliotoa vitu nayo ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Vipo pia vitu ambavyo kwa mila haviruhusiwi kuonwa na kila mtu. Programu huria ya Mukurtu, iliyoanzia kwa jamii ya Warumungu wa Australia, huiwezesha jamii yenyewe kuamua nani aone nini: wanawake tu, wanaume tu, wazee, au ukoo fulani. Kwa hiyo uhamishaji wa taarifa katika taasisi ya umma huhitaji matoleo mawili, moja kamili linalobaki katika nakala rudufu za ndani na moja lililochujwa kwa ajili ya umma, na ni lazima ijulikane ni nani aliyechuja na kwa kigezo gani.

Yote haya hurejea katika maswali machache ambayo taasisi ya umma inapaswa kuyaweka katika zabuni kabla ya kununua mfumo, na ambayo mwananchi ana haki ya kuyauliza. Je, taasisi inaweza kutoa taarifa zake zote, pamoja na picha na historia ya mabadiliko, bila kumlipa mzabuni na bila kumwomba ruhusa? Je, mafaili yatakayotoka yanasomeka na programu nyingine? Picha zinabaki zimefungamana na namba za usajili, au zinatoka na majina ya kamera yasiyomwambia mtu chochote? Majibu ya mdomo hayatoshi. Jaribio lenyewe huchukua siku chache tu: toa rekodi zote, ziingize katika programu nyingine kwenye kompyuta tupu, hesabu kama idadi ni ile ile, kisha chagua rekodi 50 na uzilinganishe neno kwa neno na daftari la karatasi. Daftari hilo lisitupwe kamwe, hata baada ya kupigwa picha kurasa zote. Jaribio lifanywe kabla ya malipo ya mwisho na lirudiwe kila mwaka.

Wananchi nao wana zana zao. Shirika la polisi wa kimataifa, INTERPOL, lina kanzidata ya kazi za sanaa zilizoibwa yenye zaidi ya vitu 50,000, na tangu mwaka 2021 hutoa bure programu ya simu iitwayo ID-Art. Kwa programu hiyo mtu anaweza kutazama kama kitu anachouziwa kimeripotiwa kuibwa, na msikiti, kanisa, ukoo au shule inaweza kutengeneza orodha ya vitu vyake vya thamani kwa kufuata maswali ya Object ID. Makumbusho mengi makubwa ya nje yameweka orodha zao wazi kwa kila mtu kutafuta. Anayekuta humo kitu cha kwao kilichopewa jina au mahali pasipo sahihi anashauriwa kuiandikia taasisi husika akitaja namba ya usajili kama ilivyo, pamoja na nukta, mistari na sifuri zake zote, aeleze kosa ni lipi, na aseme amejuaje.

Familia zenye picha za zamani zinazoonesha nguzo, viti vya enzi, ngoma au milango ya nakshi zinaweza kuanza na kazi iliyo rahisi zaidi ya zote, kabla ya kompyuta yoyote kuhusika: kuandika nyuma ya kila picha jina la aliyemo, kijiji na mwaka, kwa penseli laini, kwa kuwa wino hupenya karatasi na kuchafua uso wa picha.